Kovu Alilolifuta Brashi

Sehemu ya Kumi na Nne

"Weka kalamu chini!"

Hiyo ndiyo sauti iliyotuachanisha wiki iliyopita, msomaji, na najua wapo walionitukana kwa kuwakatia pale. Haya, geuza shingo pamoja na Brashi umwone mwenye sauti.

Alikuwa baba yake mzazi.

Mzee amesimama mlangoni mwa kliniki ya urembo, viatu vya vumbi juu ya zulia jeupe, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Kwapani amebana fremu ya picha. Kamba ya kuitundikia bado inaning'inia, na kwenye kamba bado kuna msumari. Picha ile hakuitungua ukutani. Aliing'oa.

"Baba, umejuaje niko huku?"

"Weka kalamu chini, mwanangu. Mengine baadaye."

Kwa aliyetukuta njiani, nitasema mara moja na sitarudia. Brashi ni msafisha picha. Mtu akipigwa picha studioni, ya pasipoti au ya harusi, yeye ndiye anayekaa mbele ya kompyuta akifuta vipele, mikunjo na mikwaruzo. Ndiyo maana wakamwita Brashi. Nyuso za mji mzima zimepita chini ya kidole chake zikatoka laini kama yai la kuchemsha.

Uso wake mwenyewe umejaa mashimo ya chunusi, mashavu yote mawili, tangu ana miaka kumi na mitano.

Jumamosi anakuja mchumba wake, Fundi Minara, yule anayepanda minara ya simu huko mbali. Miaka miwili wanaongea kwa simu, na hajawahi kumwona ila kwenye picha. Picha hizo nani alizisafisha? Huhitaji kuambiwa.

Leo ni Jumanne. Kliniki imemwahidi Brashi kwamba mashine yao ya leza itamaliza kazi kabla ya Jumamosi. Kilichobaki ni sahihi.

Mimi sisahau mambo. Sisahau yule mwalimu mkuu aliyemsukuma mstari wa nyuma siku ya picha ya darasa, akasema, "Wewe mrefu," halafu mbele yake akapanga warefu watatu. Sisahau bosi wa studio aliyetundika pazia kati ya meza ya Brashi na wateja, akaliita pazia la kuzuia vumbi. Vumbi lilikuwa upande gani? Kila mmoja alichukua kipande chake cha msichana huyu, na hakuna aliyeulizwa. Basi tusimshangae leo kumkuta hapa, kalamu mkononi.

Aliyekuwa anamsainisha alikuwa kijana mwenye koti jeupe. Koti lilikuwa la daktari. Daktari mwenyewe hakuwemo.

"Mzee wangu, karibu ukae," alisema Koti Jeupe. "Binti yako yuko kwenye mikono salama. Dakika arobaini tu. Ngozi ya juu inavuliwa, inaota mpya."

"Kama nyoka."

"Eee... ndiyo, kama nyoka, mzee."

"Mimi sikuzaa nyoka."

Dada wa mapokezi aliuma midomo asicheke.

"Umemuuliza habari za mama yake?" alisema Baba.

Koti Jeupe aliigonga fomu kwa kidole. "Swali la saba. Je, kuna mtu katika familia mwenye kovu linalokua? Amejibu hapana. Kwa mwandiko wake."

"Mama hakuwa na kovu la hivyo," alisema Brashi haraka. "La kwake lilikuwa la mafuta ya moto. Mmetuambia hivyo tangu tuko wadogo."

Baba aliilaza fremu mezani, juu kabisa ya fomu.

"Nioneshe hilo kovu la mafuta."

Mwanamke kwenye fremu anatabasamu. Taya lake laini, shingo laini, mwanga umemwagika upande mmoja bila kujikwaa popote.

"Halipo," alisema Brashi, sauti imeshuka.

"Halipo. Nilikupa mke wangu umtengenezee picha ya msibani. Ukaniletea mwanamke nisiyemjua. Miaka minne naamka asubuhi namsalimia mgeni."

"Baba, nilitaka watu wamkumbuke mzuri!"

"Nani alikwambia alikuwa mbaya?"

Swali hilo lilikaa mezani kama kisu.

"Sasa nisikilize," alisema Baba, na sauti yake ikaanza kukwaruza. "Lile halikuwa la mafuta. Tulidanganya. Mama yako aliona haya, nami nikamsaidia kudanganya. Lilianza na chunusi. Moja tu. Hapa." Aliweka kidole chini ya taya lake mwenyewe. "Chunusi moja, kama hizo zako. Ikapona, ikaacha kovu dogo, na kovu likakataa kuacha kukua."

Koti Jeupe alikohoa. "Mzee, enzi zile si sasa. Teknolojia imebadilika sana."

"Teknolojia imebadilika. Na damu yake?"

Ungedhani Brashi angeitupa kalamu. Hapana! Aliishika vizuri zaidi.

"Jumamosi, Baba," alisema. "Shangazi zake wote watatu wanakuja kuniona. Jumamosi nitatoka na uso gani?"

"Haya. Saini." Baba alirudi hatua moja. "Fomu iko hapo chini. Mtoe mama yako kwanza."

Kalamu ilining'inia juu ya kioo. Mkono wa kushoto ukagusa ukingo wa fremu. Ukaondoka. Ukagusa tena.

Hakuweza.

"Nafasi ya mwisho ni leo jioni," Koti Jeupe aliwapigia kelele wakiwa wameshafika ngazini. "Ikipita usinilaumu mimi!"

* * *

Saa mbili baadaye walikuwa kwenye benchi la kliniki ya ngozi, hospitali ya umma, ambako ukikaa mwisho wa benchi unasogea makalio kwa makalio mpaka mlangoni.

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo. Kwanza alinawa mikono, akaipasha kwa kuisugua, akamshika Brashi mashavu.

Brashi akaanza kulia.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, Daktari."

"Basi?"

"Yule wa kule hakunigusa. Alinimulika tu na simu."

Daktari aliguna. Aliivuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili, akaigeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Nikivuta hivi, haya mabonde mapana yanapotea. Haya madogo hayapotei, yamechimba kama tundu la msumari. Na hapa unazo chunusi mpya tatu, nyekundu. Unaziminya?"

"Siku moja moja."

"Kila siku."

"Kila siku, Daktari."

"Acha. Sasa nisikie vizuri. Zipo njia nyingi. Ipo tindikali ya kubabua ngozi ya juu. Vipo visindano vidogovidogo vya kuichokoza iote upya. Ipo sindano ya kukata nyuzi zinazolivuta kovu chini. Na hiyo leza yenu. Zote ni jeraha, binti yangu, usidanganywe na zulia jeupe. Tunaijeruhi ngozi makusudi, halafu tunaiomba ipone vizuri. Kwa hiyo swali langu ni moja tu. Ngozi yako ikijeruhiwa, inajua kuacha?"

"Sijui."

"Funua sikio."

Brashi hakutikisika.

"Binti, funua sikio."

Alizirudisha nywele nyuma polepole, kama mtu anayefunua sufuria aliyokataza wageni wasiifunue. Nyuma ya ndewe palikuwa na nundu ngumu, inang'aa, ukubwa wa punje ya maharage.

"Tangu lini hii?"

"Nilipotoboa. Darasa la saba."

"Na yule bwana aliiona?"

"Hakuniambia nifunue."

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, fremu magotini. Alipoiona ile punje alifumba macho. Mtu hafumbi macho kwa kitu asichokijua.

"Mzee," alisema Daktari, "hilo kovu la mama yake mlilonitajia lilimkuaje? Alitibiwa?"

"Alikatwa. Hapa hapa hospitalini kwenu. Likarudi kubwa kuliko lilivyokuwa."

"Lilikuwa linamuuma?"

"Hapana."

"Linamwasha? Linamzuia kula?"

"Hapana."

"Basi alikatwa kwa nini?"

Nje ya mlango mtu alikuwa anagombana na mwenzake kuhusu foleni.

"Baba?" aliuliza Brashi.

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Mwanangu, yaache yaliyozikwa."

"Baba, nakuuliza!"

Mzee alitazama sakafu, akasema maneno yake yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika.

"Ulikuwa na miaka tisa. Ulirudi shule siku ya wazazi ukamwambia asije tena. Ukasema wenzako wanamwita Mama Nundu. Mama yako aliosha vyombo. Mwezi uliofuata akaja kukatwa."

Msomaji, yapo makofi ambayo mkono haugusi shavu.

Brashi aliyakumbuka maneno yale. Aliyakumbuka yote, na mahali alipoyasemea, mlangoni mwa jikoni, begi bado mgongoni. Alikumbuka vilevile kwamba baada ya siku ile mama yake hakuingia tena ndani ya uzio wa shule. Kila mkutano wa wazazi alisimama nje, ng'ambo ya barabara, akimpungia mkono kwa mbali kama mtu aliyepita tu.

Alijaribu kukumbuka bandeji. Bandeji hakuikumbuka. Ila kwa aibu ile, nani angeendelea kutafuta bandeji?

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemkata."

"Ulikuwa mtoto," alisema Daktari.

"Nilimkata akiwa hai. Alipokufa nikamfuta."

Daktari hakumbembeleza kwa maneno matamu. Alimpa kitambaa, akangoja apenge kamasi, akarudi kwenye kazi. Napenda watu wa namna hiyo.

"Leza kwako hapana. Tindikali kali hapana. Kisu hapana. Nyuma ya sikio pamekwishatoa jibu, na mama yako alilitoa kabla yako. Ukienda kule leo, yale mashimo unaweza kuyapata yamegeuka vilima. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Kwa hiyo hakuna kitu."

"Sijasema hakuna. Ipo njia ndefu. Kwanza tutulize hizi mpya. Dawa ya kupaka, na kinga ya jua kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, na weusi utapungua. Baadaye tunajaribu visindano kidogo, mahali pasipoonekana, chini ya taya, eneo dogo kama ukucha. Tunangoja miezi mitatu. Pakinyamaza, tunasogea. Pakivimba, tunaacha, tunatibu huo uvimbe. Na njia nyingine ni kuuacha uso kama ulivyo. Hiyo nayo ni njia, ila hakuna anayeitangaza."

"Mashimo yataisha?"

"Hayataisha. Yatapungua."

"Kufikia Jumamosi?"

Daktari alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi.

"Hiyo Jumamosi ni ya ngozi yako au ya mwanamume?"

Daktari alimsogezea kadi ya kliniki.

"Chagua mwenyewe, sikulazimishi. Lakini kabla sijakugusa na sindano nataka faili la mama yako. Nione lilichukua muda gani kurudi, na dawa gani ililituliza. Nendeni kwa Karani wa Mafaili kesho asubuhi, faili la zamani linahitaji kutafutwa. Picha zake zitakuwemo. Zamani tuliwapiga picha wagonjwa wote wa makovu, kabla na baada."

Picha!

Brashi alisimama wima. Baba naye akasimama. Lakini nyuso zao, ungezitazama vizuri, hazikufanana. Wa binti ulikuwa na njaa. Wa mzee ulikuwa na hofu.

* * *

Alasiri hiyo Brashi alikuwa nyuma ya pazia la vumbi.

Alifungua folda ya mama yake. Faili moja. Aliangalia kwenye taka za kompyuta, kwenye diski ya zamani, kwenye simu mbovu iliyokuwa kwenye droo. Faili ni lile lile moja, lenye taya laini. Sheria ya studio aliijua, aliwafundisha wenzake mwenyewe: ukimaliza kusafisha, hifadhi juu ya ile ya mwanzo, usituzidishie mafaili. Kwa mikono yake aliuhifadhi uso wa uongo juu ya uso wa mama yake, akabonyeza ndiyo, akaenda kunywa chai.

Ni kosa ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya. Sisi tungesahau tu. Kufuta mtu namna ile kunahitaji ufundi.

Simu ikalia. Fundi Minara.

"Malkia wangu! Nimepata ruhusa ya wiki nzima. Mama ameichapisha picha yako, kubwa, iko sebuleni. Shangazi mkubwa anasema hajawahi kuona ngozi kama hiyo, anauliza unapaka nini."

"Mwambie sipaki kitu."

"Nitamwambia umezaliwa hivyo. Nisikie, tuongee kwa video, hata dakika moja. Leo mtandao wa kwenu mzuri, nimeuangalia mwenyewe."

Na hapa, msomaji, cheka kidogo kabla ya kulia. Miaka miwili mwanamke huyu anamwambia mtandao mbaya. Anamwambia nani? Mwanamume anayepanda minara kuutengeneza huo mtandao!

"Upo?" aliuliza Fundi.

"Nipo. Nipe dakika kumi. Nitakutumia kitu."

Alikata. Alilivuta pazia, akalisukuma mpaka ukutani, pete zikalia zote. Alisogeza kiti dirishani, penye mwanga wa pembeni, ule mwanga mkatili anaowakataza wateja wote. Alirudisha nywele nyuma ya masikio. Akajipiga.

Aliihamishia kwenye kompyuta kwa mazoea tu. Kidole kikaenda chenyewe kwenye ile alama ya brashi. Duara dogo likasimama juu ya chunusi moja kidevuni, nyekundu, ya juzi. Hiyo moja tu. Hata hiyo si kovu, itapona yenyewe, kuna ubaya gani?

Aliinua kidole.

Akaituma kama ilivyo.

Alama mbili. Zikabadilika rangi. Ameiona.

"Huyu nani?" Fundi aliandika.

"Mimi."

Dakika moja. Mbili. Juu ya simu pakaonyesha kwamba anaandika. Pakaacha. Pakaonyesha tena. Pakaacha. Mteja aliingia akataka picha nne za pasipoti, akamtazama Brashi usoni, akatazama pembeni.

Halafu maneno yakaja.

"Kwa hiyo mtandao haukuwa mbaya."

Brashi aliandika "nisamehe", akafuta. Aliandika "nilitaka", akafuta.

"Mwaka jana wakati wa mvua," Fundi aliandika, "nilipanda mnara mara mbili siku moja nikidhani tatizo ni la kwangu. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho. Laiti angemtukana! Tusi lina pa kushika. Hili la mnara halina.

Kisha Brashi akaona jambo, na wenye roho nyepesi waruke mistari hii. Pale penye duara la picha kando ya jina lake, miaka miwili Fundi Minara hakuwahi kuweka sura yake mwenyewe. Aliweka picha ya Brashi, ile laini, akiwatangazia watu wote. Duara lile likapotea. Pakabaki kivuli cha kijivu cha mtu asiye na uso.

Simu ikalia tena. Aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Dada yangu," alisema Koti Jeupe, sauti ya asali. "Nafasi yako ya jioni bado ninayo. Nimekuonea huruma. Njoo sasa hivi, Jumamosi utatoka hujitambui."

Ona wanavyojua saa. Kwanza wanakuuzia kioo, halafu wanakuuzia dawa ya ulichokiona. Brashi aliuchukua mkoba. Aliutia begani. Alifika mpaka mlangoni mwa studio, simu sikioni, na mimi nakiri nilishamkatia tamaa.

"Hilo koti," aliuliza, "nani alikupa?"

"Samahani?"

"Koti jeupe. Nani alikuvisha?"

"Ni... ni sare ya kazi, dada."

"Mimi nimewasafishia picha za mahafali madaktari wa mji huu. Wewe sijakusafisha."

Alikata simu, akarudi ndani. Akatoa kwenye mkoba kadi ya kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa ameacha mstari mmoja mtupu, aujaze mwenyewe akishaamua. Aliandika: *Eneo dogo, chini ya taya. Nitangoja.*

Chini ya taya. Palepale pa mama yake.

Pazia hakulirudisha.

* * *

Jumatano asubuhi. Chumba cha mafaili kina harufu ya karatasi mbichi na dawa ya mende. Rafu zimefika dari. Karani wa Mafaili, mwanamke mwenye kalamu mbili kwenye nywele, alikuwa juu ya ngazi, anapuliza vumbi.

Baba alikataa kuingia. Alikaa kwenye kiti cha korido, fremu yake magotini. Kula hajala.

"Hili hapa," alisema Karani, akashuka. "Miaka na miaka limelala hapa. Soma hapahapa, halitoki."

Picha ya kwanza. Imebandikwa kwa gundi, kona imejikunja.

Mama.

Hatabasamu. Amekasirika kidogo, kama alivyokuwa akikasirika watu wakimwambia akae vizuri. Jicho moja dogo kuliko lenzake, na hilo nalo Brashi alilisawazisha miaka minne iliyopita bila hata kukumbuka kwamba amelisawazisha. Na chini ya taya, kovu. Dogo! Punje ya maharage, inang'aa.

Brashi alipeleka mkono nyuma ya sikio lake. Yalikuwa sawa.

"Shikamoo, Mama," alisema kwa sauti, mbele ya Karani, na hakujali.

Picha ya pili, miezi minane baadaye. Sasa limekuwa kama ngumi ya mtoto. Hilo ndilo Brashi alilolijua maisha yake yote, hilo ndilo wenzake walilolicheka. Macho ya mama hapa hayana hasira tena. Hayana kitu.

Alipindua ukurasa. Nyuma kulikuwa na fomu ya upasuaji, karatasi ya manjano. Jina la mgonjwa, umri, na muhuri wa tarehe.

Aliutazama muhuri ule. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Akahesabu tena kuanzia mwisho.

Mwaka ule Brashi alikuwa na miaka minne.

Hajaanza shule. Hajajua kuna siku ya wazazi. Hana begi, hana wenzake, hamjui Mama Nundu. Siku alipoyasema maneno yale mlangoni mwa jikoni, mama yake alikuwa ameshakatwa miaka mitano nyuma. Ndiyo maana hakukuwa na bandeji!

Basi nani?

Chini kulikuwa na mstari: *Sababu ya mgonjwa kuomba kovu liondolewe.* Wengine huandikiwa na muuguzi. Huyu alikuwa ameandika mwenyewe, herufi kubwa za duara, ule mwandiko uliokuwa ukiandika orodha ya sokoni.

*Mume wangu amesema hatapiga picha na mimi tena mpaka hili litoke.*

Brashi alisoma mara tatu. Akaona nyumba yao yote kwa mara moja, kuta zote, albamu zote. Picha za Baba peke yake. Picha za Mama peke yake. Ya wawili pamoja haikuwahi kuwepo, na hakuwahi kujiuliza.

Alitoka koridoni na karatasi mkononi, Karani akimkimbilia nyuma, "Halitoki! Nimesema halitoki!"

Kiti kilikuwa kitupu.

Fremu ilikuwa juu yake, imelazwa kifudifudi.

"Yule mzee wangu ameelekea wapi?" aliuliza Brashi.

"Yule?" Karani alihema, akaichukua karatasi yake kwa adabu kutoka vidoleni mwake. "Kwani ni baba yako? Alikuja hapa juzi, Jumatatu, peke yake. Hakutaka kuiona hata picha. Aliniuliza jambo moja tu, na alikuwa analia."

"Jambo gani?"

"Kama ukurasa huu naweza kumchania."